Nishani ya Upande wa Kulia

Crowshaw, Lancashire
2 Februari 1919

Kwa Bi. Hester Sugden, usiyenijua ila utanijua,

Mimi ni Jabez Ormerod, miaka kumi na sita, mdogo wake Luther Ormerod. Katika kiwanda cha pamba cha hapa Crowshaw hakuna muunga nyuzi mwenye vidole vyepesi kunishinda, ukibisha njoo uulize. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, au yenyewe iliniacha mimi, kwa hiyo mwandiko usiukosoe.

Jambo langu ni hili. Ofisi ya jeshi imetuandikia kwamba nishani ya ushujaa ya marehemu kaka yangu imetumwa kwako. Kwako wewe, pamoja na kile kijipande cha fedha kinachobandikwa kwenye utepe askari akiwa shujaa mara ya pili. Maana Luther alikuwa shujaa mara mbili: mara ya kwanza alipopeleka ujumbe katikati ya mizinga baada ya simu kukatika, na mara ya pili aliporudia upuuzi uleule. Wanasema kwenye ule ukurasa wa wosia nyuma ya kitabu chake cha askari aliandika kwamba vyote alivyo navyo apewe Bi. Hester Sugden wa Halifax.

Nyumba hii haijawahi kusikia jina lako. Halifax kwenyewe tulidhani ni mahali pa kufulia mazulia.

Sasa mimi nimekwisha kupiga msumari ukutani, juu ya jiko, mahali pa kuitundika. Mama yuko kitandani kwa huzuni, hali, hanywi, anaililia nishani usiku na mchana. Itie kwenye kiboksi, funga kwa kamba nzuri, tuma. Najua ninyi watu wa ng'ambo ya milima hamtoi hata salamu kabla hamjaipima uzito, lakini jaribu.

Wako katika haki,
Jabez Ormerod

*

Halifax, Yorkshire
9 Februari 1919

Bwana Ormerod,

Nishani ninayo. Luther ndiye aliyenipa, kwa mkono wake na kwa jina langu, na sitaituma.

Mazulia hatuyafui. Tunayafuma.

Mpe mama yako pole yangu. Kama ni yeye aliyekutuma, naomba aniandikie mwenyewe.

H. Sugden

*

Crowshaw
16 Februari 1919

Bi. Sugden,

Barua yako nimeipima, ina maneno machache kuliko kadi ya mazishi. Lakini hapo pa mama kuandika mwenyewe umenikamata pabaya, basi nikwambie ukweli, na ukweli wangu huwa siutoi ovyo.

Mama hajui kusoma. Jina lake anaweza kuliandika akitulia, basi. Alitiwa kiwandani akiwa na miaka minane. Barua za nyumba hii nazisoma mimi na kuzijibu mimi, ndiyo maana zina maringo.

Ile ya jeshi ilipofika niliisoma kwa sauti mpaka kwenye jina lako. Hapo nikajifanya nimepoteza mstari, nikasema, "Wanasema itachelewa, Mama. Waliokufa ni wengi." Mama akasema, "Haya." Tangu siku hiyo tarishi akipita asubuhi humkuta mlangoni, mikono ndani ya aproni. Haulizi kitu, anautazama mkoba tu. Tarishi siku hizi anapitia upande wa pili wa njia kwa aibu.

Ulitaka nimwambieje? Baba alikufa kwa kifua mimi nikiwa nanyonya. Mama alimlea Luther kwa mikono yake miwili, halafu Luther alipoulizwa na serikali mtu wako ni nani, akataja mtu wa Halifax. Nimwambie hivyo? Wewe ungeweza?

Hapo pa kitandani niliongeza chumvi. Mama hajalala kitandani mchana tangu nizaliwe, na hata siku niliyozaliwa nasikia saa mbili baadaye alikuwa anaosha masufuria.

Kwa hiyo tufanye biashara. Wewe baki na nishani, nipe kijipande cha fedha. Nitamwambia Mama ndivyo zilivyo, nishani za siku hizi ni ndogo.

Jabez O.

*

Halifax
9 Machi 1919

Jabez,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kijipande kimeshonewa kwenye utepe. Nikikitoa nitaukata, na siukati.

Ila una haki ya kujua mimi ni nani.

Majira ya vuli ya mwaka wa kumi na saba Luther aliletwa hospitali ya hapa na jeraha la paja. Sisi wanawake wa kanisani tulikuwa tukienda kila Jumapili kuwamiminia chai wagonjwa. Kaka yako, ndani ya zile nguo za buluu za wagonjwa na tai nyekundu, alikuwa ananyoosha kikombe mara tatu kila nikipita. Nikamhurumia, nikajua huyu chai ndiyo maisha yake. Jumapili ya nne nikagundua kwamba alikuwa anaimwaga yote kwenye chungu cha maua nyuma ya kitanda. Ua lilikuwa limekufa. Nikamuuliza lilimkosea nini. Akasema, "Lilikuwa ua zuri, lakini wewe usingepita tena."

Tulikuwa na Jumapili saba. Ya saba mama yenu alikuja kumtazama, amevaa shali ya kahawia, ana keki kwenye kitambaa. Nilimmiminia chai mkono ukitetemeka, nikamwaga nusu kwenye kisahani. Luther hakututambulisha. Baadaye aliniambia, "Jumapili ijayo nitamwita tena, niwakutanishe vizuri, wewe uvae ile kofia yako ya kijani." Alhamisi wakamhamisha, na baada ya hapo wakamrudisha Ufaransa.

Hayo ndiyo niliyo nayo, na hiyo nishani.

Hester Sugden (Hetty, kwa watu waliozoea)

*

Crowshaw
30 Machi 1919

Bi. Hetty,

Nimekwisha kuzoea.

Hilo la ua limenichekesha mpaka nikajikwaa kwenye mashine, msimamizi akanipiga kofi, deni hilo nakuwekea wewe. Luther na chai wapi na wapi! Nyumbani alikunywa mtindi na maji ya bomba. Alikuwa akisema chai ni maji yaliyooshewa majani.

Nawe nikupe lako, haki kwa haki. Mimi sikuwa na viatu vya mbao vyangu mwenyewe mpaka nilipofika miaka tisa, nilivaa vyake, vimejazwa magazeti mbele. Alikuwa akinitembeza barabarani, akiwaambia watu, "Mtazameni ndugu yangu, anatembea na habari za dunia." Watu wakicheka nalia, nikilia ananibeba. Nilikuwa mzito. Sasa nimekuwa mrefu kumzidi, nimejipima kwenye alama yake ya mlangoni, nimempita kwa upana wa kidole. Sikufurahi kama nilivyodhani.

Basi sikiliza. Ijumaa ya wiki ya Pentekoste makanisa yote ya hapa yanatembea mjini, bendi mbele, mabendera juu, wasichana ndani ya nyeupe. Mimi mwaka huu nashika kamba ya bendera kubwa. Na huenda, sisemi nimefanya, nasema huenda, nimewaambia watu wa kiwanda kizima kwamba siku hiyo nitavaa nishani ya Luther. Mama naye amesikia. Amefua shati langu mara mbili tayari, na Pentekoste iko Juni.

Niazime siku moja tu. Jumamosi itakuwa njiani kurudi kwako, naapa kwa vidole vyangu vyote kumi, na unajua vina thamani gani.

Jabez

*

Halifax
27 Aprili 1919

Jabez,

Siwezi. Naomba usiniulize sababu. Si ubahili, ingawa najua utasema ni ubahili wa watu wa huku.

Hetty

*

Crowshaw
15 Juni 1919

Bi. Hetty,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Sasa sina hasira, zimekwisha zote juzi Ijumaa. Nakusimulia kila kitu, nawe cheka ukipenda, mimi bado sijaweza.

Uliponinyima nikajitengenezea yangu. Nilikata kopo la kakao kwa mkasi wa bati, duara safi kabisa, nikalisugua kwa majivu mpaka likawaka. Utepe niliutoa kwenye kofia ya zamani ya shangazi, buluu, nikaupaka mistari myeupe na myekundu kama ilivyo kwenye picha ya gazeti. Kwa hatua kumi usingejua. Nilitoka nyumbani nimeificha ndani ya koti, nikaibandika nilipofika kona ya kanisa, kifuani kushoto, juu ya moyo, kama wanavyovaa askari. Bendi ikapiga. Nikashika kamba yangu. Watu wakaninyooshea vidole, wengine wakavua kofia, na mimi, Bi. Hetty, nilitembea kana kwamba ni mimi niliyepita kwenye mizinga.

Mbele ya duka la mikate alikuwa amesimama Bwana Tattersall, aliyekuwa kikosi kimoja na Luther na kuuacha mkono wake mmoja vitani. Hakupiga kelele. Alisogea akatembea pamoja nami, akasema polepole, "Kushoto ni kwa aliyefanya, Jabez. Kulia ni kwa aliyebaki. Wewe umebaki." Halafu akaigeuza kwa kidole, akaona nyuma yake maandishi ya kakao. Akairudisha ilivyokuwa. Akabaki nyuma.

Nilitaka kuitoa lakini kamba ilikuwa imeshika mikono yangu yote miwili, ukiachia bendera inaanguka na mtakatifu mzima aliyechorwa juu yake. Nikafika nayo mpaka uwanjani, na Mama alikuwa pale mstari wa mbele.

Macho ya Mama si mazuri. Alisema, "Imekuja." Hivyo tu. Akaishika kwa vidole viwili, akainama, akaibusu. Bi. Hetty, mama yangu alibusu kopo la kakao mbele ya mji mzima, na midomo yake ikabaki na majivu.

Nikamwambia. Sikungoja tufike nyumbani. Nilimwambia la kopo, na la barua ya jeshi niliyoisoma uongo, na la wosia, na jina lako. Yote nilimwambia bendi ikiwa bado inapiga, ikabidi niseme kwa sauti kubwa.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alifungua pini, akalitia bati mfukoni, tukaenda nyumbani. Leo siku ya pili hasemi, anapika tu, anatazama dirishani. Jana tarishi alipita na Mama hakwenda mlangoni.

Siiombi tena nishani. Nimekuandikia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia.

Jabez

*

Halifax
18 Juni 1919

Mpendwa Jabez,

Sijacheka.

Uliniambia aibu yako bila kuombwa, basi nami nakupa yangu. Ukimaliza utajua kwa nini sikuweza kukuazima, na huenda hutataka kuniandikia tena.

Machi ya mwaka jana nilimwandikia Luther barua ya kumwacha. Hakukuwa na mwanamume mwingine. Nilikuwa nimechoka kuogopa, hilo tu. Kila asubuhi nikisikia hatua za tarishi, najificha jikoni mpaka apite. Mtaani kwetu nyumba tano zilikuwa zimekwisha kupata ile barua. Nikamwandikia kwamba siwezi tena kumngoja, anisahau, nami nitajitahidi. Nikaitia posta kabla sijabadili moyo, na moyo ulibadilika nilipofika kona ya kwanza.

Ilirudi Mei. Haikufunguliwa. Mtu ameandika juu yake kwa penseli kwamba aliyeandikiwa ameuawa. Alikufa hajaisoma, ananijua kama mtu wake, na nyuma ya kitabu chake jina langu liko palepale.

Halafu mwaka huu ikaja nishani. Jina lake limechongwa ukingoni, herufi ndogo sana, naweza kulisoma kwa ukucha nikifumba macho. Nilijiambia kwamba nikiitoa, hata kwa siku moja, nitakuwa nimekubali niliyoyaandika. Nikiishika basi sikuyaandika. Mama yenu amebusu bati kwa sababu hiyo.

Nitaituma Jumatatu. Mwambie hakuna aliyeistahili kuliko yeye. Barua hii usimsomee. Mwache afikiri mwanawe alichagua vizuri.

Hetty

*

Crowshaw
22 Juni 1919

Binti yangu Hetty,

Anayeandika ni Jabez lakini anayesema ni mimi, Hannah Ormerod, na nimemwambia akiongeza neno lake atalala na njaa. (Haya ni mabano tu. Mabano si neno.)

Barua yako nimesomewa. Alipofika kati alianza kutafuta mstari, nikamwambia, "Jabez, soma kilichoandikwa." Akasoma chote.

Usitume kitu. Nisikilize kwanza.

Mimi Luther nimemzaa. Tangu ana miaka minne chai haipiti kooni mwake. Siku ile hospitali nimekaa naye, keki mapajani, nikamwona ananyoosha kikombe. Nikasema pengine jeshi limemfundisha. Akanyoosha tena. Mara ya tatu sikumtazama yeye, niliutazama mkono unaomimina. Ulikuwa unatetemeka, na juu yake kulikuwa na msichana mwenye masikio mekundu kama taa ya reli. Nilimaliza ile chai yangu ya kwenye kisahani, nikaaga mapema, niwape nafasi. Kwenye treni mtu wa kiti cha mbele aliniona natabasamu peke yangu, akaniuliza nimeshinda zawadi gani.

Sikumuuliza jina lako. Nilisema atanitajia mwenyewe akiwa tayari.

Alipokufa nililia kama wanavyolia wote. Halafu nikakumbuka kwamba mahali fulani kuna yule msichana, naye analia, na hana wa kumpa pole kwa sababu hakuna anayejua kwamba Luther alikuwa wake. Na mimi sina jina lake wala nyumba yake. Nikasema kama ana moyo ataandika. Mlangoni nilikuwa nakungoja wewe. Nishani ya nini? Nishani haijui alivyokuwa akicheka. Miaka ishirini na mmoja yake ninayo yote, zimebaki Jumapili saba ambazo sina, unazo wewe. Nilikuwa naogopa zitapotea.

Huyu mpumbavu (amesema niandike hivyohivyo) angesoma barua ya jeshi kama ilivyo, ningekupata Januari. Siku hizi zote sikuwa nimenuna. Nilikuwa natafuta maneno, na maneno kwangu yanakuja polepole.

Kuhusu barua yako iliyorudi. Hata yangu ya mwisho ilirudi, iko kwenye droo chini ya vijiko. Humo nimemgombeza kwa kukaa wiki tatu bila kuandika, nimemwita mtoto asiye na shukrani. Jabez ndiye aliyeiandika, anakumbuka. (Nakumbuka. Aliniambia nipige mstari chini ya neno shukrani, nikapiga miwili.) Hakuisoma, mshukuru Mungu. Ilete yako. Tutazitia zote mbili kwenye moto wa jiko bila kuzifungua, maji ya chai yachemke.

Mwanangu alichagua vizuri. Nilikuwepo, niliona.

Njoo Jumapili ijayo. Alikuahidi Jumapili ijayo, na mimi sipendi ahadi ya mtoto wangu ibaki deni. Nishani usiitie mkobani. Ivae, upande wa kulia kama alivyosema Bwana Tattersall, kwa sababu wewe ni wa waliobaki. Nitaishika hapohapo kifuani kwako, nisome jina lake kwa ukucha. Herufi za Ormerod nazijua. Uvae na ile kofia ya kijani.

Mama yako,
HANNAH ORMEROD
(Hili ameandika mwenyewe. Limemchukua dakika nzima, na ulimi alikuwa ameutoa nje.)

Shemeji,

Hapa sasa ni mimi, Mama amekwenda kutazama mikate. Treni inafika saa nane mchana. Utanijua kwa urefu, nimempita Luther kwa upana wa kidole, nadhani nilikwisha kusema. Ukifika usiniulize habari za kakao. Lile bati Mama amekataa kulitupa, ameliweka kwenye rafu, anasema busu lake lilikuwa la kweli.

Nilitaka kuung'oa ule msumari wa juu ya jiko, kwa kuwa nishani utakuja nayo na utaondoka nayo. Mama akaniambia niung'oe ndiyo, lakini niupige tena karibu na mlango, chini kidogo, mahali anapofika mwanamke wa kimo cha wastani. Nimemuuliza ni wa nini. Amesema kofia ya kijani haiwekwi kwenye kiti.

Jabez